Kutafuta Wateja wa Kazi za Ubunifu kwa Video Fupi: Mwongozo kwa Mafundi Wanaojitegemea Uganda

Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka kadi za harusi, mabango ya uchaguzi au kalenda mjini Kampala alishuka Barabara ya Nasser, akasimama mlangoni mwa kibanda kimoja baada ya kingine, akatazama sampuli zilizobandikwa ukutani na kumpima fundi kwa macho. Nilijifunza kubuni michoro katika mojawapo ya vibanda hivyo, na jambo nililoliona mapema ni kwamba mteja hakuogopa sana mchoro mbaya. Alichokiogopa ni kutoa arbuni, kuambiwa arudi Alhamisi, kufika Alhamisi akaambiwa mashine imeharibika, na hatimaye Jumamosi ya harusi kumkuta hana kadi mkononi. Fundi aliyerudiwa na wateja ni yule aliyetimiza siku aliyoitaja, hata pale jirani yake alipochora vizuri kumshinda.

Hofu hiyo bado ipo, ila sasa imehamia kwenye simu. Mtu wa Ntinda au wa Mbarara anayetafuta mpiga picha wa kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), mshonaji wa gomesi (vazi la heshima la wanawake wa Uganda), mhariri wa video au mchoraji wa nembo huanza kwa kupekua TikTok na Instagram, na anapotazama kazi yako hujiuliza mambo mawili: je, kazi hii ni yake kweli, na je, nikimtumia fedha atanikabidhi kazi yangu kwa wakati? Mwongozo huu unahusu kutengeneza video fupi zinazojibu maswali hayo mawili. Nimeifuata njia hii mwenyewe, na sina shaka kwamba kwa mtu anayeishi kwa kazi ya mikono yake ina faida kubwa kuliko kukimbizana na umaarufu.

Hatua ya kwanza: Mfahamu mteja kabla ya kushika simu

Andika kwenye daftari ni nani hasa unayetaka akupe kazi, na umweleze kwa ukamilifu kiasi kwamba mwenzako akisoma aweze kumtambua akipita barabarani. "Bi harusi mtarajiwa anayefanya kazi benki, ambaye kwanjula yake itafanyika Masaka baada ya miezi minne, na ambaye ssenga (shangazi) wake ndiye atakayesema neno la mwisho kuhusu mpiga picha" ni maelezo yatakayokuongoza katika kila video. "Vijana wa Kampala" hayatakuongoza popote.

Hatua hii inaonekana ndogo, lakini wengi wanaoiruka hupotea. Mpango wa TikTok wa kuwalipa watengenezaji wa video kulingana na watazamaji wao hutolewa katika nchi chache tu, na Uganda haimo. YouTube huwalipa walio Uganda, lakini kushiriki kikamilifu katika mapato ya matangazo kunadai wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kwa hiyo fedha yako, kwa muda mrefu, itatoka kwa mteja mwenyewe, na mpiga picha anayepata kwanjula nne kwa mwezi hana haja ya watazamaji laki moja.

Wapo walioinuliwa na watazamaji wengi, na nawaheshimu. Ghetto Kids wa Kampala, ambao dunia iliwajua kwa video za densi, walifika fainali ya shindano la Britain's Got Talent huko Uingereza mwaka 2023. Lakini wao ni wacheza densi, na kwa mcheza densi yule anayetazama ndiye mteja. Kwa mbunifu wa nembo, anayetazama na anayelipa mara nyingi ni watu wawili tofauti. Nililijua hilo nilipoweka video ya mzaha niliyoipiga na wenzangu kibandani, ambayo ilitazamwa na maelfu ya watu bila kuleta agizo hata moja. Wiki hiyohiyo niliweka video ya sekunde 35 inayoonyesha jinsi nilivyogundua kosa katika jina la bwana harusi kwenye kadi, nikalirekebisha kabla ya kuchapa na kumpigia mteja simu ili athibitishe. Ilitazamwa na wachache, na mama mmoja wa Mukono aliyekuwa akiandaa harusi ya binti yake alinitafuta siku ya pili.

Hatua ya pili: Chagua uwanja mmoja mkuu

Kwa fundi anayeanza, ninapendekeza TikTok iwe uwanja mkuu. Katika maelezo yake ya mwaka 2020 kuhusu jinsi inavyowapendekezea watu video, TikTok ilisema kwamba mtu kutazama video ndefu kiasi kutoka mwanzo hadi mwisho ni ishara yenye uzito mkubwa, na kwamba idadi ya wafuasi wa akaunti haiingii moja kwa moja katika uamuzi wa kuisambaza video. Kwa lugha nyepesi, akaunti yenye wafuasi 40 inaweza kuwafikia watu ambao hawajawahi kuisikia, mradi waliotangulia kuiona video waitazame hadi mwisho.

Video hiyohiyo iweke pia Instagram na YouTube, lakini tumia faili yako ya asili kutoka kwenye simu. Usiipakue video kutoka TikTok ikiwa na alama ya TikTok na kuipandisha kwingine, kwa sababu Instagram ilitangaza mwaka 2021 kwamba inapunguza kupendekeza video zenye alama za programu nyingine. Facebook imefungwa nchini tangu Januari 2021, na ingawa wengi huifikia kwa VPN, si busara kuweka duka lako mahali ambapo mteja analazimika kupita mlango wa nyuma. Iache kwa ajili ya ndugu zetu walio ng'ambo wanaotuma fedha za sherehe za nyumbani.

Pia usiidharau Status ya WhatsApp. Wanaoitazama ni watu mliohifadhiana namba, wengi wao wakiwa wateja wa zamani, na mteja wa zamani anayekumbushwa kwamba bado unafanya kazi ndiye atakayempa jirani yake jina lako.

Hatua ya tatu: Tengeneza ukurasa kabla ya video ya kwanza

Mtu akiipenda video yako hugusa jina lako ili ajue wewe ni nani, na hapo una sekunde chache tu. Jina la ukurasa litaje kazi na mahali, kwa mfano jina lako likifuatwa na "gomesi na kitenge, Jinja". Maelezo mafupi yaseme unafanya nini, unamfanyia nani, na unapatikana wapi. Fungua WhatsApp Business, ambayo ni ya bure na ina sehemu ya kupanga sampuli za kazi pamoja na bei, kisha uweke kiungo cha wa.me kinachofuatwa na namba yako inayoanza na 256, ili mteja aliye Nairobi au London akufikie bila kuhifadhi namba kwanza.

TikTok na Instagram hukuruhusu kubandika hadi video tatu juu ya ukurasa. Ninashauri ya kwanza ionyeshe kazi yako bora, ya pili imwonyeshe mteja akipokea kazi, na ya tatu ieleze jinsi unavyofanya kazi, tangu mazungumzo ya mwanzo hadi makabidhiano, pamoja na utaratibu wa malipo. Video hiyo ya tatu haitatazamwa na wengi, lakini karibu kila mteja mwenye nia huitafuta kabla hajaandika neno.

Hatua ya nne: Tafuta mambo ya kuonyesha ndani ya kazi yenyewe

Hapa ndipo mafundi wengi hukwama, wakidhani kwamba lazima wabuni kichekesho kila siku. Kazi yako ina mambo ya kutosha, na shida ni kwamba umeyazoea kiasi cha kutoyaona. Weka daftari kando ya meza kwa wiki mbili na uandike kila swali ambalo mteja anakuuliza, kwa maneno yake mwenyewe. Kwa nini nembo hii ni laki tatu na kule nimeambiwa elfu hamsini? Mbona rangi ya kwenye karatasi si ile niliyoiona kwenye simu? Picha zitakuwa tayari lini? Nikinenepa kabla ya sherehe, gomesi itaachiwa? Kila swali ni video moja, na kwa kuwa limetoka kinywani mwa mteja, mteja mwingine atajitambua ndani yake.

Kundi la pili la video ni mwendo wa kazi. Chukua swali la rangi. Skrini ya simu hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu, ilhali mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi, na kuna rangi zinazong'aa kwenye skrini ambazo wino hauwezi kuzifikia. Shika simu yenye mchoro mkono mmoja na karatasi iliyochapwa mkono mwingine, zionyeshe pamoja, kisha ueleze ulivyoirekebisha rangi kabla ya kuchapa. Kwa sekunde 40 umemfundisha mtu jambo la kweli, na umemwonyesha kwamba kazi ni yako, kwa maana mwizi wa sampuli za wengine hawezi kuieleza.

Kundi la tatu, ambalo kwangu lina thamani kuliko yote, ni video za ahadi. Fikiria mshonaji wa gomesi mjini Jinja. Jumatatu anapiga klipu ya sekunde tano mteja anapoleta kitambaa, na anasema siku ya makabidhiano. Jumatano anapiga klipu ya mkasi ukipita kwenye kitambaa na nyingine ya mabega yaliyochongoka yakikazwa. Alhamisi anapiga mshono ukifumuliwa na kushonwa upya kwa sababu haukumridhisha, na hapo aseme wazi kosa lilikuwa wapi. Ijumaa anapiga mteja akijifunga mshipi kiunoni mbele ya kioo. Juu ya kila klipu ameandika jina la siku. Zikiunganishwa zinatoa video isiyozidi dakika moja, yenye mwanzo, wasiwasi na mwisho, na ambayo mtazamaji ataifuata hadi Ijumaa ili ajue kama ahadi ilitimia. Ssenga wa yule bi harusi akiiona, jibu la swali lake kubwa tayari analo.

Usiogope kuonyesha mshono uliofumuliwa. Wateja wanajua kwamba fundi hukosea, na wanachotaka kujua ni kama atalisahihisha kosa kabla halijawafikia.

Ikiwa wewe ni mgeni katika kazi na huna mteja, tengeneza kazi ya mfano kwa biashara unayoifahamu, kama vile kibanda cha rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) cha mtaani kwenu au duka la dawa la jirani, na useme waziwazi katika video kwamba ni zoezi. Kulidai kuwa agizo halisi ni uongo utakaofichuliwa na mwenye kibanda mwenyewe.

Hatua ya tano: Piga picha kwa vifaa ulivyonavyo

Simu yenye kamera ya kawaida inatosha. Ishike wima, futa lenzi kwa kitambaa safi, na uweke ubora wa 1080, kwa sababu ubora wa juu zaidi hujaza simu na kula bando bila mtazamaji kuona tofauti. Iegemeze kwenye kitu thabiti. Hata rundo la vitabu linafaa kuliko mkono unaotetemeka. Acha nafasi chini ya fremu na upande wa kulia, kwa kuwa ndipo programu huweka maandishi na vitufe vyake.

Mwanga unadai uangalifu hapa kwetu. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, na adhuhuri jua linakaa juu ya utosi na kutia vivuli vyeusi chini ya macho na kidevu. Piga picha za nje kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni, ukikumbuka kwamba giza huingia haraka baada ya saa moja usiku. Ndani ya nyumba, mtu akae akitazama dirisha, asilipe kisogo. Taa ya duara ni nzuri ukiwa nayo, lakini umeme ukikatika dirisha linabaki pale pale.

Sauti mbaya humfukuza mtazamaji haraka kuliko picha mbaya. Kipaza sauti cha visikizi vya waya, kikibanwa kwenye ukosi wa shati, hupunguza kelele za bodaboda na jenereta. Katika misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, bati likianza kulia usijaribu kushindana nalo. Piga picha bila kuongea, kisha urekodi maelezo usiku ukiwa umejifunika blanketi na kipaza sauti ndani yake.

Hatua ya sita: Hariri kwa kuanza na shida au matokeo

Usianze kwa kuwakaribisha watu kwenye ukurasa wako wala kwa kujitambulisha. Anza na kadi yenye jina lililokosewa, au na gomesi iliyokamilika, au na swali la mteja likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa, na salamu ziache kwa mazungumzo ya baadaye. Katika CapCut au programu nyingine ya kuhariri, kata kila sekunde ambayo haina jambo jipya. Video inayojibu swali moja hutosha kwa sekunde 20 hadi 45, na ile ya ahadi inaweza kufika dakika moja. Kabla ya kuiweka, mwonyeshe mtu asiyejua kazi yako na utazame uso wake, na pale macho yake yanapoondoka kwenye simu, kata.

Weka manukuu, kwani wengi hutazama wakiwa kwenye teksi au ofisini bila sauti. Kuhusu lugha, fuata mteja uliyemwandika katika hatua ya kwanza. Luganda humgusa mtu wa Kampala na Masaka kwa namna ambayo Kiingereza hakiwezi, na Kiingereza hufaa kwa mashirika na hoteli. Kiswahili tumekiacha nyuma bila sababu nzuri. Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, na tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huohuo, soko linalokisikia linaanzia Goma hadi Dar es Salaam. Mbunifu wa nembo au mhariri wa video, ambaye kazi yake husafiri kwa intaneti bila kulipa nauli, anaweza kusema kwa Luganda na kuandika manukuu kwa Kiswahili, na kwa hatua hiyo moja kuufungua mlango wa Nairobi.

Hatua ya saba: Omba ruhusa, na linda kilicho chako

Mwombe mteja ruhusa kabla ya kumpiga picha, na uipate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa WhatsApp usemao kwamba anakubali uso wake na kazi yake vionyeshwe. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na zaidi ya sheria kuna heshima, maana katika kwanjula kuna wazee waliokuja kumpokea mkwe, hawakuja kuwa tangazo lako. Mtoto asionekane bila idhini ya mzazi wake. Kazi ya kampuni usiionyeshe kabla kampuni yenyewe haijaizindua.

Muziki ni mtego wa pili. Wimbo uliopo kwenye TikTok haumaanishi kwamba una haki ya kuutumia kutangaza biashara. Akaunti ya biashara hupewa maktaba ya sauti zilizoruhusiwa kwa matumizi ya kibiashara, na ni vyema ukabaki ndani yake. Mara nyingi mlio wa mkasi au wa mashine ya kuchapa hunoga kuliko wimbo wowote.

Michoro, picha na video zako zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006, na ofisi ya serikali ya usajili, URSB, husajili hakimiliki kwa anayetaka ushahidi wa ziada. Hata hivyo, kinga ya kila siku ni mazoea. Kampuni moja iliwahi kuniomba rasimu tatu "za kutazama tu", ikakaa kimya, na baada ya miezi miwili nikakuta mojawapo kwenye bango lake. Tangu siku hiyo rasimu zangu hutoka zikiwa ndogo na zenye alama ya jina langu katikati, na faili kamili hutolewa baada ya malipo ya mwisho. Nimelieleza hilo katika video iliyobandikwa juu ya ukurasa, na hakuna mteja mwema aliyewahi kuchukizwa nalo.

Hatua ya nane: Panga gharama na ratiba

Bando letu linabeba kodi. Ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii, iliyoanza Julai 2018, iliondolewa mwaka 2021, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye data. Video ya sekunde 30 iliyotolewa kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde ina takriban MB 30, hivyo kuiweka katika mitandao mitatu kunahitaji karibu MB 90. Fanya hesabu hiyo kwa video nane za mwezi na uiingize katika gharama za biashara, kama fundi anavyohesabu uzi na sindano.

Video mbili kwa wiki zinatosha. Tenga asubuhi moja ya kurekodi majibu ya maswali manne au matano kwa mkupuo, na klipu za ahadi zipige palepale kazi inapofanyika. Chaji simu na betri ya akiba umeme ukiwepo.

Hatua ya tisa: Mgeuze mtazamaji kuwa mteja

Ujumbe wa kwanza wa mteja mara nyingi huwa neno moja: bei. Msalimie kwanza kwa heshima inayomfaa, iwe ni ssebo, nnyabo, hajati au mzee, kisha umuulize mambo matatu: kazi ni ya nini, inahitajika lini, na amepanga kutumia kiasi gani. Usimjibu bei papo hapo bila kuijua kazi, wala usimfiche bei na kumlazimisha akuandikie tena na tena. Mpe kiwango cha kuanzia, na umweleze kinachokipandisha.

Bei itokane na hesabu yako. Tuseme unahitaji shilingi 1,500,000 kwa mwezi za kuishi, na gharama zako za bando, umeme, usafiri na programu ni 300,000. Ukiondoa siku za kutafuta wateja, kurekodi video na kufanya marekebisho, huenda zikabaki siku 12 zinazolipiwa. Gawanya 1,800,000 kwa 12 na utapata 150,000 kwa siku. Nembo inayokuchukua siku mbili haiwezi kuuzwa elfu hamsini, na sasa unaweza kulieleza hilo kwa utulivu, au hata kulifanya video.

Kisha andika makubaliano katika ujumbe mmoja wa WhatsApp unaotaja kazi yenyewe, idadi ya marekebisho, siku ya makabidhiano, bei na arbuni. Nusu ya bei kama arbuni ni desturi inayoeleweka. Mteja akikutumia kwa MTN au Airtel, mtumie risiti siku hiyohiyo, na kumbuka kwamba unapotoa fedha hukatwa ada ya mtandao pamoja na kodi ya asilimia 0.5. Ukitaka kufanya kazi na makampuni na mashirika, chukua TIN (namba ya mlipakodi) ya URA, mamlaka ya mapato, mapema, maana bila hiyo wengi hawatakulipa. Walioteuliwa na URA kuwa mawakala wa kukata kodi hukata asilimia 6 kwenye malipo yanayozidi shilingi 1,000,000. Idai hati ya makato hayo, kwa kuwa kodi hiyo huhesabiwa kuwa umekwisha kuilipa utakapowasilisha hesabu za mwaka.

Ukiona kwamba utachelewa, mwambie mteja kabla ya siku kufika. Video zako zimemwahidi mtu anayetunza siku, na kuchelewa kimya kimya mara moja kunaweza kuzivunjia heshima zote.

Hatua ya kumi: Pima kwa daftari

Takwimu za programu zitakuonyesha mahali watazamaji walipoiacha video, na hilo litumie katika kuhariri. Kipimo cha biashara kiko mahali pengine. Kila anayekuandikia, muulize ni video gani aliyoiona, na uandike jibu lake, tarehe, kazi aliyoitaka, na kama alilipa. Baada ya miezi mitatu kaa chini na usome. Aina ya video ambayo haikutajwa na mteja yeyote, hata kama ilitazamwa sana, usipige nyingine. Ile iliyotajwa mara mbili au tatu, ipige upya kwa kazi mpya na mteja mpya, kisha uibandike juu ya ukurasa mahali pa ile ya zamani.